Pangaboi, Helikopta na Maswali Yasiyotaja Mzigo

*Mwalimu, shikamoo. Helikopta ya Mi-26 inabeba tani 20, ndege ya ATR 72 tani saba na ushee. Si helikopta ndiyo bora? (Msomaji, Sakina, Arusha)*

Marahaba. Hili ni la nne la aina hii mwezi huu, na nyote mnarukia tani zinazobebwa mkasahau uzito wa chombo chenyewe. Mi-26 iliyojaa ina tani 56, ATR 72 tani 23. Hapo unashindanisha semitrela na Coaster! Chukua helikopta ya Chinook, yenye mapanga mbele na nyuma, ambayo nayo ikijaa inakaribia tani 23. Kila moja ya injini zake mbili ina nguvu ya farasi zaidi ya 4,500. Ya ATR, yenye mbili pia, ni kama 2,500. Uzito uleule, nguvu karibu mara mbili, na bado Chinook inakwenda kama kilomita 300 kwa saa huku ATR ikifika 500. Ndege ikishashika mwendo, mabawa ndiyo yanayoibeba. Helikopta hujinyanyua kwa injini tangu inapaa hadi inatua, na mafuta yanakwenda huko. Penye uwanja wa kutua, anayekodi helikopta ya mizigo anatupa hela. Pasipo na uwanja, ndege haina la kukusaidia. Kwa hiyo nitajieni mzigo wenu, umbali na mahali pa kutua, ndipo tuzungumze.

*Injini moja ikizima angani? (Njoro, Moshi)*

ATR huendelea kwa iliyobaki. Chinook vilevile, maana injini yoyote kati ya mbili huzungusha mapanga yote, ya mbele na ya nyuma.

*Kwa nini Arusha bado tunaletewa ndege za pangaboi, kama ATR, za kizamani? (Njiro)*

Si za kizamani. Ndani ya injini ya ndege hizo mna mtambo wa jeti. Pangaboi ndilo linalosukuma hewa. Kwa njia fupi kama uwanja wa Kisongo hapo Arusha hadi Dar es Salaam, linakula mafuta kidogo kuliko jeti kubwa. Ukitaka jeti kubwa, nenda uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), kwenye njia ya kurukia ya mita 3,600.

*Nina kampuni changa ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Niwaambie helikopta itawafuata popote? (Marangu)*

Usithubutu. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na hewa ya pale ina kama nusu ya mgandamizo wa pwani. Mapanga yanakosa hewa ya kushika, injini nayo inapungua nguvu. Wala usidhani helikopta kubwa ndiyo hupanda zaidi: iliyotua kileleni Everest mwaka 2005 ilikuwa ndogo, ya injini moja, na ndani alikuwamo rubani peke yake. Kilimanjaro nako mawingu yakifunga, mgonjwa atashushwa kwa machela, mabegani mwa wapagazi. Mgeni aanzaye kuumwa kichwa na kutapika ateremshwe mapema, akiwa bado anatembea. Na hao wapagazi wako, bima yao inalipia helikopta, au umewakatia wageni tu? Nijibu hilo kwanza, kabla hujatangaza uokoaji kwenye bango lako.