Maswali Yenu: Mwanangu Anataka Kuingia Fraterniti ya Walatino, Nimkubalie?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi ni mama niko Tanga, kijana wangu wa pili yuko New Jersey huko Marekani anasoma uinjinia mwaka wa pili sasa. Juzi katuma video kwenye grupu la familia, vijana wamevaa nguo nyeusi wamefunika nyuso wamejipanga mstari usiku wanapaza sauti kwa pamoja maneno siyaelewi, eti hao ni rafiki zake wameingia fraterniti ya Walatino na yeye muhula ujao anataka kuingia. Jirani yangu alipoiona akasema hapohapo hao ni Frimasoni, mtoto keshapotea. Baba yake kanuna, hata simu yake hapokei. Sasa nauliza hiki ni kitu gani, na Mtanzania anaingiaje kwa Walatino? Mwenyewe anasema wanafanya huduma kwa jamii. Nisaidieni maana usingizi sipati.
— Mama mwenye wasiwasi, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimeona wasiwasi wako una sehemu mbili, moja naweza kuiondoa sasa hivi na nyingine nataka ubaki nayo kidogo maana ina msingi.

Ya kwanza ni hiyo ya Frimasoni. Hapana mama, siyo. Fraterniti ni chama cha undugu cha wanafunzi wa kiume chuoni, cha wasichana wanakiita sororiti, na zile herufi za ajabuajabu kwenye fulana zao ni herufi za Kigiriki tu. Mtindo huo ulianza na chama kinaitwa Phi Beta Kappa, mwaka 1776, chuo cha William & Mary huko Virginia, walifupisha kaulimbiu yao ya Kigiriki kwa herufi tatu, na wengi waliofuata wakaiga. Siri wanazo, sikufichi, kuna maneno ya siku ya kuingia na namna ya kupeana mikono ambayo mtu wa nje haambiwi. Lakini chama chenyewe kikiwa halali kimesajiliwa ofisi ya wanafunzi, viongozi wake wanajulikana, na chuo kina uwezo wa kukifungia kikikosea.

Na ile video usiiogope. Ile ni sherehe ya kuwatambulisha wanachama wapya, inafanyika hadharani na watu wanaalikwa, mpaka wazazi wanakuja na maua. Vijana wanaingia kwa mstari wamefunika nyuso, wanakariri historia ya chama chao, majina ya waanzilishi, mashairi, wakati mwingine kwa Kihispania, wakikosea neno wanaanza upya, halafu mwisho mmojammoja anafunua uso anataja jina lake na kwao ni wapi na ukumbi mzima unalipuka kwa shangwe. Maneno usiyoyaelewa inawezekana kabisa ni hayo.

Sasa kwa nini Walatino, yaani watu wa Marekani wenye asili ya Meksiko, Kuba, Puerto Rico na kwingineko Amerika ya Kilatini, wakawa na vyama vyao. Hapa mama naomba unisikilize kidogo maana ndipo utamwelewa mwanao. Vile vyama vikubwa vya zamani vya Marekani kwa miaka mingi vilikuwa vya vijana wa Kizungu wenye uwezo, vingi vikiwa na vipengele kabisa vya kuzuia weusi na Wayahudi wasiingie. Weusi wakaanzisha vyao, Alpha Phi Alpha kilianza chuo cha Cornell mwaka 1906, ndicho alichokuwa mwanachama Martin Luther King. Walatino nao wana historia ndefu, mwaka 1898 wanafunzi kutoka Amerika Kusini na visiwa vya Karibi waliokuwa wanasoma chuo cha uinjinia cha Rensselaer mjini Troy, New York, waliunda umoja wao, na kutokana na mizizi hiyo ikazaliwa Phi Iota Alpha mwaka 1931, fraterniti ya Walatino kongwe kuliko zote zilizo hai leo. Wale wengi wao walikuwa watoto wa familia zenye nafasi, wanasoma wanarudi kwao kujenga madaraja na reli.

Miaka ya 70 na 80 hali ikawa nyingine kabisa. Waliokuwa wanaingia vyuoni sasa ni watoto wa wahamiaji waliozaliwa au kukulia hukohuko Marekani, watoto wa Wapuerto Rico, Wakuba, Wadominika, Wameksiko, baba anafanya kazi kiwandani, mama anasafisha maofisi usiku, na yeye ndiye wa kwanza kwao kukanyaga chuo. Anafika hamjui mtu. Hakuna wa kumwambia fomu ya mkopo inajazwaje wala profesa unamfuata ofisini saa ngapi. Hao ndio walioanzisha Lambda Theta Phi mwezi Desemba 1975 katika chuo cha Kean, hapohapo New Jersey aliko mwanao, na mwaka huohuo chuo hichohicho wasichana wakaanzisha Lambda Theta Alpha. Baadaye ikaja La Unidad Latina kule Cornell 1982, Sigma Lambda Beta chuo kikuu cha Iowa 1986, Omega Delta Phi chuo cha Texas Tech 1987, na mwaka 1998 vyama vingi vya namna hii vikaungana chini ya baraza moja la taifa linaitwa NALFO. Kwa hiyo huduma kwa jamii anayokwambia mwanao siyo pambo, kwa hawa jamii ni mama zao na wadogo zao waliobaki mtaani, kilomita chache tu kutoka getini.

Nilipokaa New Jersey, upande wa Elizabeth ambako ukitembea mitaani unasikia Kihispania zaidi ya Kiingereza, niliwahi kufika jioni moja kwenye ukumbi wa shule walikokuwa wanawasaidia wazazi kujaza FAFSA, hiyo ndiyo fomu ya serikali ya kuombea msaada wa ada. Baba mmoja amekaa na koti la kazini, binti yake pembeni, fomu inauliza mapato ya mzazi na yeye hataki kuyataja mbele ya mtoto. Kijana wa fraterniti, fulana yake ina herufi kifuani, hakumharakisha, alimsogezea kompyuta upande wake ili binti asione, akawa anamweleza kwa Kihispania taratibu kila mstari, na walipofika mahali pa kitambulisho ambapo yule baba alisita sana akamwita mshauri wa shule aliyekuwepo badala ya kubahatisha. Lilikuwa jambo dogo, lakini yule binti aliondoka na fomu imetumwa. Mimi tangu siku hiyo mtu akiniambia hawa vijana ni wahuni tu huwa namkatalia.

Mtanzania anaingiaje? Anaingia. Sehemu kubwa ya vyama hivi havibagui asili, Omega Delta Phi kaulimbiu yao yenyewe inasema utamaduni mmoja, kabila lolote. Mwanao yuko mbali na kwao, kaona watu wanaokula pamoja, wanaopigiana simu mmoja akiumwa, wanaompenda mama kama alivyolelewa yeye, ndiyo maana kavutika.

Haya, sasa ile sehemu ya pili. Hapa mama nakuomba usimame imara.

Kuna kitu kinaitwa hezingi, kumtesa mgeni kabla hajakubaliwa. Ukikumbuka walivyokuwa wanafanyiwa njuka bweni la sekondari, kufulishwa nguo za watu, kuamshwa usiku, kupigwa, basi ni hiyohiyo lakini kwa vijana wa miaka ishirini na nyumba isiyo na mwalimu wa zamu. Wanalazimishwa kunywa pombe mpaka wazimie, wananyimwa usingizi, wanapigwa vibao vya mbao. Watu wamekufa. Na sitaki nikudanganye kwamba ni vyama vya Wazungu peke yao, vyama vya weusi, vya Waasia na vya Walatino vyote vimeshafungiwa matawi na vyuo kwa jambo hili. Wanaofanya wanasema eti ndiyo inajenga undugu. Mimi siamini hata kidogo, undugu wa yule kijana kwenye ukumbi wa FAFSA haukuhitaji mtu apigwe, na chama kinachofanya kazi nzuri Jumamosi mchana halafu usiku kinamvunja mbavu mtoto wa watu kile ni chama kibaya, kazi nzuri haikisafishi.

Sheria iko upande wako. New Jersey waliikaza sheria yao mwaka 2021, kumfanyia mtu hezingi akaumia vibaya au akafa ni kosa kubwa la jinai, na hata ukisema mwenyewe alikubali haikusaidii mahakamani. Tena Desemba 2024 ilisainiwa sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vichapishe ripoti ya vyama vilivyokutwa na makosa hayo. Mwambie kijana aende kwenye tovuti ya chuo chake aitafute hiyo ripoti aone kama jina la chama hicho limo, na aulize ofisi ya wanafunzi moja kwa moja kama tawi liko kwenye hadhi nzuri. Hilo afanye kabla hajatoa hata senti. Na senti zipo mama, kuna ada ya kuingia na ada za kila muhula, mara nyingi ni mamia ya dola, aombe aandikiwe zote mapema asije akala hela ya vitabu.

Halafu asitangulie kuingia. Aende kwanza kwenye kazi zao kama mgeni, wakigawa chakula abebe maboksi, wakifundisha watoto hesabu akae naye afundishe, muhula mzima. Atawajua. Na siku yoyote akiambiwa afanye kitu ambacho hawezi kukusimulia wewe kwa simu, aondoke usiku huohuo, asiogope kuitwa mwoga.

Kuhusu mzee, mimi ningemwonyesha hii barua. Kijana aliyetuma video kwenye grupu la familia hafichi kitu, anaomba baraka. Akinuniwa ataingia vilevile, ila safari hii hamtajua.

SWALI: Sasa ndugu, mimi ni Mkenya niko Texas nasoma uuguzi. Marafiki zangu wa sororiti ya Kilatina wananiita niingie lakini wanataka masaa ya kujitolea kila muhula na mimi niko na kazi ya laibrari ya chuo. Niko na visa ya F-1, ile ya wanafunzi. Hii kujitolea haitaniletea shida na uhamiaji? Na nitatoa wapi muda?
— Msomaji, Texas

JIBU: Mdogo wangu, hapo uko mahali penyewe, sororiti ya Kilatina ya Kappa Delta Chi ilizaliwa hukohuko Texas, chuo cha Texas Tech, mwaka 1987 na mambo ya huduma ndiyo uti wa mgongo wao. Visa yako inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo mpaka saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kujitolea kwa kweli, yaani shirika la hisani, hulipwi, na nafasi yenyewe hakuna anayelipwa kwa ajili yake, kwa kawaida hakuna shida wala hakuhesabiwi kwenye hizo 20. Shida inakuja pale unapofanya bure kazi ambayo mwingine analipwa, mfano upokee wageni kwenye kliniki ya mtu binafsi halafu muite kujitolea, au upewe "zawadi" ya pesa mwishoni. Muulize afisa wa wanafunzi wa kimataifa kabla, kwa imeili, jibu ulitunze.

Muda ndiyo shughuli. Uuguzi una mazoezi ya hospitali na hayo hayaahirishwi. Waambie wazi kabla hujaingia ni wiki zipi hutapatikana kabisa, na usikilize wanavyojibu. Vyama hivi vina kiwango cha chini cha alama za darasani na vingi vinapanga saa za kusoma pamoja, kwa hiyo wakiwa wa kweli watakuelewa upesi. Wakikwambia kila mtu anabanwa vumilia tu, subiri mwaka mwingine, hawaendi popote. Na usidharau ulichonacho, pale kwenye kupima presha na sukari kwenye maonyesho ya afya ya mtaani mwanafunzi wa uuguzi anafaa kuliko watu kumi wa kubeba meza, mradi uwe chini ya msimamizi mwenye leseni.

SWALI: Mhariri acha kuwapamba. Hawa wanaokota chupa mbili barabarani wanapiga picha hamsini wanaweka Instagram. Hiyo ndo huduma?
— Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Kaka, hao wapo, na inaniuma kama inavyokuuma. Matawi mengine yanakusanya saa kwa sababu makao makuu au chuo kinazidai, basi wanatafuta kazi rahisi yenye mandhari nzuri. Ila picha peke yake haikwambii kitu, maana hata Septemba 2017 kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico vijana hawa walipiga picha za maboksi ya maji na betri waliyokusanya, na wengi wao walikuwa na bibi zao kule ambao simu zao hazipatikani. Mimi huwa nauliza wenye mahali panapohudumiwa. Nenda kwa mwenye ghala la chakula au mwalimu mkuu wa shule, muulize hawa vijana walikuja mwaka jana? Walikuja Februari kwenye baridi, au ni Septemba 15 mpaka Oktoba 15 tu, mwezi wa kuenzi Walatino, wakati kila mtu anatazama? Wakichelewa wanapiga simu? Mwalimu akikutajia vijana wawili watatu kwa majina yao bila kufikiria, tawi hilo linafanya kazi. Kwa hapo Columbus vyuo viko vingi na Wasomali, Wakongo na Waswahili wenzetu wako mitaa hiyohiyo, watoto wao wanahitaji hesabu na kusoma kama wa Kilatino, kwa hiyo ukishauliza na ukaridhika, wapelekee na anuani ya msikiti au kanisa lenu.