Jibu: Karamu ya ofisi tarehe 22, kwa wazazi tarehe 23? Usithubutu!

Nimesoma swali lako, nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Unasema ofisi yenu ya watu ishirini na watatu inafanya karamu ya kufunga mwaka Jumatano tarehe 22 Desemba 2021, asubuhi yake mtapimwa Korona wote, halafu tarehe 23 wewe unasafiri kwenda kwa wazazi. Unauliza mle nini, mpeane zawadi gani, na kama ukumbi wa ndani unafaa. Mdogo wangu, mimi nakujibu lile ambalo hukuuliza. Usitoke kwenye karamu ukaenda kwa wazazi. Kipimo hakitakusaidia. Mimi hakikunisaidia.

Desemba mwaka jana, 2020, nilikuwa kwenye kampuni moja ya klaringi, ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa. Kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, ilikuwa inaanza saa nne usiku, kwa hiyo karamu ikawekwa Ijumaa tarehe 18, kuanzia saa nane mchana. Mlangoni askari akatupima joto kwa kile kibunduki, akatumiminia dawa mikononi, tukaingia tukijiona salama. Ndani ni chumba cha mikutano, watu thelathini, madirisha yote yamefungwa kwa sababu kiyoyozi kinafanya kazi, na joto la Mombasa la Desemba mnalijua. Barakoa zilikaa usoni mpaka pilau ilipofika. Zikashuka kidevuni, hazikupanda tena. Baadaye ikaletwa maikrofoni, moja tu, tukaimba kwa zamu mpaka saa moja jioni. Kile kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya, jamani. Kinavuta hewa ileile ya chumbani, kinaipoza, kinawarudishia. Tulipumuliana saa tano nzima. Dawa ya mikono ingefanya nini hapo?

Lakini karamu haikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuja baadaye, na ndilo ninaloliona kwenye swali lako.

Meneja wetu wa wafanyakazi alituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: anayesafiri apime, akiwa hasi aende zake bila wasiwasi. Ujumbe huo ninao mpaka leo. Hakumuuliza daktari yeyote. Alitaka karamu yake ifanyike na asiulizwe maswali, basi akatoa ruhusa ambayo haikuwa yake kutoa. Nimejaribu kumsamehe, bado sijaweza.

Nikapima Jumatatu tarehe 21, kwa hela yangu. Kijana wa maabara alipokuwa anachomoa kile kijiti puani aliniambia wazi, "Kaka, haya ni majibu ya saa hii tu." Nikaitikia, na kabla sijafika stendi nilikuwa nimeshasahau. Kesho yake majibu yakaja: hasi. Nikayapiga picha nikamtumia Mama. Tarehe 23 nikapanda treni hadi Voi, nikachukua matatu ya Wundanyi, kwetu, kule milima ya Taita. Barakoa sikuivua njia nzima. Nilipofika nyumbani Mzee akanyoosha mikono, nikaivua, nikaitia mfukoni, nikamkumbatia. Usiku tukala sahani moja. Kama nisingekuwa na ile karatasi ningekaa nje barazani, ningejihadhari. Karatasi ndiyo iliyonivua barakoa.

Siku ya Krismasi koo likaanza kuwasha. Nikasema ni baridi ya milimani. Tarehe 26 asubuhi Mama anakaanga vitunguu, moshi unanipita usoni, sisikii harufu yoyote. Nikachukua kitunguu kibichi, nikakipasua kwa kisu, nikakisogeza puani. Hamna kitu. Machozi yananitoka kwa ukali wake, lakini harufu hamna. Mama akaniuliza, "Mbona unalia?" Sikumjibu. Nilitoka nje nikakaa mbali nao, lakini siku tatu zilikuwa zimeshapita.

Mzee ana miaka sabini na moja na ana kisukari. Tarehe 30 akaanza kukohoa. Usiku wa tarehe 2 Januari tulimpeleka hospitali, muuguzi akambana kidole na kile kimashine cha kupima oksijeni, kikasoma 84. Kwa mtu mzima hiyo namba inatakiwa iwe 95 na zaidi. Siku kumi na mbili kwenye oksijeni. Alirudi nyumbani, namshukuru Mungu kila nikiamka. Ila shamba letu liko mlimani, ni la matuta, na zamani alikuwa anapanda yote mpaka kule juu kwenye migomba. Sasa akifika tuta la tatu anasimama, anashika kiuno, anajifanya anatazama mahindi.

Sasa sikiliza kilichonipata. Virusi vikikuingia havionekani papo hapo kwenye kipimo. Vinahitaji muda wa kuzaliana. Dalili huanza siku ya 2 mpaka ya 14, kwa wengi karibu siku ya 5, na mtu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Mimi niliambukizwa Ijumaa nikapimwa Jumatatu, mapema mno. Wewe je? Wewe utapimwa asubuhi na karamu ni mchana! Kipimo cha asubuhi kitajuaje utakachovuta saa tisa? Mpimwe, sikatai, kinaweza kumnasa mwenzenu anayekuja navyo. Lakini hakikupi tiketi ya kwenda kukaa na wazee kesho yake.

Na msinijie na habari ya chanjo. Nimechanjwa, Mzee naye amechanjwa dozi mbili, na nakuomba wazazi wako wachanjwe kama bado, kwa sababu inapunguza sana hatari ya kuzidiwa. Hata hivyo aliyechanjwa bado anaweza kuambukizwa na akaambukiza, na sasa kuna hii Omicron, aina mpya ya kirusi cha Korona, ambayo Shirika la Afya Duniani limeipa jina tarehe 26 Novemba 2021. Tangu kafyu iondolewe tarehe 20 Oktoba 2021 naona watu wanaishi kana kwamba ugonjwa nao umeondoka siku hiyohiyo.

Kanuni yangu ni hii, na sina nyingine: kati ya karamu ya ofisi na mlango wa wazazi ziwepo siku kumi na nne. Zikikosekana, chagua kimoja. Ofisi ninayofanya kazi sasa wananiita Bwana Siku Kumi na Nne. Waniite. Mmoja aliniuliza kama hata mke wangu nikitoka kazini namsubirisha wiki mbili, tukacheka sana, lakini tarehe ya karamu ilisogezwa. Tuliifanya tarehe 3 Desemba, uani, chini ya mwarobaini, viti vimeachana, kila mtu na sahani yake iliyopakuliwa, na maikrofoni nilikataa isitoke stoo. Saa moja na nusu tu, tukaagana. Leo wote wazima, na tarehe 23 napanda treni.

Kwenu kama hamuwezi kurudisha tarehe nyuma, isogezeni mpaka Januari. Karamu ya kufungua mwaka nayo ni karamu. Zawadi na chakula nimevisahau, wadau wengine watakusaidia. Mwandikie bosi wako leo, kabla hajalipia ukumbi. Akikataa, rudi hapa uniambie, nitakuwekea yale maneno niliyomwandikia wa kwangu.