Formula 1 ikiuzwa, kinachouzwa ni nini?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Kijiweni kwetu Ngamiani tunabishana kuhusu mbio za magari za Formula 1. Wapo wanaosema Wamarekani walinunua Formula 1 yote, sheria na timu zake. Ni kweli? Na timu ndogo zitadumu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Si kweli. Mashindano ni mali ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, na ndiyo inayotunga sheria. Kinachouzwa ni haki za biashara: matangazo ya televisheni, udhamini na ada za waandaaji wa mbio. FIA ilizikodisha kwa miaka 100 kuanzia 2011. Liberty Media, kampuni ya Marekani, ilinunua kampuni inayozishikilia kutoka kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC, mauzo yakakamilika Januari 2017. Timu zina wenyewe, nazo hugawiwa sehemu ya mapato.

Kinachozilinda timu ndogo ni ukomo wa matumizi ulioanza 2021 kwa dola milioni 145. Hapa wengi hukosea: mishahara ya madereva na ya viongozi watatu wanaolipwa zaidi haihesabiwi. Ukomo huo una meno. Timu ya Red Bull ilizidisha mwaka huohuo wa kwanza, ikatozwa dola milioni 7 na kupunguziwa asilimia 10 ya majaribio ya aerodinamiki, yaani ya jinsi gari linavyopita hewani. Kwetu, adhabu hiyo ya pili ndiyo iliyouma. Fedha hutafutwa, saa za handaki la upepo, ambamo majaribio hayo hufanyika, hazirudi.

Mtihani mkubwa kwa timu ni injini mpya za 2026. Nguvu ya mota ya umeme inayosaidia injini inapanda kutoka kilowati 120 hadi 350, hivyo dereva anayemaliza chaji ya betri mapema huachwa kwenye njia iliyonyooka.