Wanataka kodi kwanza ndipo nitoe ushindi wangu

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni dereva bodaboda hapa Pasua, Moshi. Mwenzangu wa kijiweni aliniunga kwenye grupu la WhatsApp la mchezo wa kindege, ule wa kubeti kindege kitapaa mpaka wapi. Nikapakua aplikesheni kwa linki waliyotuma, nikaweka elfu arobaini. Baada ya siku chache salio likasoma 1,260,000. Nilipotaka kutoa, wakaniambia nilipe kwanza 190,000 ya kodi ya TRA. Nikakopa mtandaoni, nikatuma 60,000 ya kuanzia. Sasa wanasema nisipomalizia akaunti inafungwa, na wale wa mkopo nao wananitishia kuwatumia ndugu zangu meseji. Hii aplikesheni ni halali? Nimalizie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimalizie. Usitume hata mia.

Hiyo 1,260,000 haipo. Ni tarakimu tu, kaziandika mtu yuleyule aliyepokea elfu arobaini yako. Kodi ya ushindi ipo kweli kisheria, ndiyo maana uongo huu unawaingia watu. Lakini kampuni ndiyo inayoikata kwenye ushindi kabla ya kukulipa, na kampuni ndiyo inayoipeleka TRA. Mchezaji haitoi mfukoni mwake. Na TRA haipokei kodi kwenye namba ya simu ya mtu.

Fungua meseji ya muamala wa ile 60,000 uisome taratibu. Ilikwenda kwa nani? Kijana mmoja wa Njoro alikuja ofisini kwetu, hapa karibu na soko la Mbuyuni, na kesi kama yako. Nilimwomba anisomee meseji kwa sauti. Lilitoka jina la mwanamke, majina mawili, namba ya kawaida. Hapakuwa na jina la kampuni popote. Alikuwa ameisoma ile meseji mara nyingi, ila jicho lake lilikwenda kwenye kiasi tu.

Kuhusu uhalali: kubeti kwa simu si kosa Tanzania kwa aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inaruhusu, kwa sharti kwamba mwendeshaji awe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo iko chini ya Wizara ya Fedha. Bodi huweka majina ya wenye leseni kwenye tovuti yake. Ingia huko mwenyewe, usipitie linki ya grupu, ulinganishe jina herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli huiga majina na rangi za kampuni zinazojulikana. Nembo ya Bodi iliyobandikwa ndani ya aplikesheni si ushahidi wa chochote. Kunakili picha kila mtu anaweza.

Leseni inakupa mtu wa kumdai. Kampuni ina jina, ina ofisi, na ikikunyima haki yako unapeleka malalamiko Bodi, ambayo inaweza kuiuliza. Haikupi ushindi, na hili naomba mlielewe vizuri vijana wangu. Kindege halisi, Aviator, kimetengenezwa na kampuni ya Spribe, na wao wenyewe wanatangaza kwamba mchezo hurudisha wastani wa asilimia 97 ya pesa zinazowekwa. Maana yake kila elfu moja unayoweka, kwa wastani shilingi 30 inabaki kwao, raundi baada ya raundi, na raundi moja kwa kawaida haichukui hata dakika. Hiyo ni ya halali. Ya kuiga, kama hiyo yako, hurudisha kiasi anachotaka tapeli. Na wanaowauzia utabiri wa kindege kitapaa mpaka wapi, wanauza hewa.

Sasa fanya hivi leo. Piga skrinshoti za lile grupu, salio na vitisho kabla hawajakutoa. Piga huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia kutuma pesa, uwape namba ya muamala. Ikiwa haijatolewa kwa wakala, kuna nafasi ya kuizuia. Meseji za utapeli zitume kwenda 15040, utaulizwa namba iliyokutumia. Kisha nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Usione aibu. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, aliyetenda jinai ni yeye.

Kuhusu mkopo, Benki Kuu mwaka 2024 ilitangaza majina ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha mtandaoni bila kibali. Angalia kama wako yumo. Pesa uliyopokea kweli panga namna ya kuirudisha, lakini kuwatumia ndugu zako meseji za kukudhalilisha hawana ruhusa, awe na kibali au asiwe nacho. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ipo Tume yake ya kupokea malalamiko. Njoo na simu yako, tutakusaidia kuyaandika bila malipo.

SWALI: Habari dada. Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Nimekuta meseji kwenye laini yangu, mia tano, mia tano, zimekwenda kampuni ya kubeti. Nimshtaki nani? – Mama, Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Nzuri mama mwenzangu, pole. Laini umeisajili kwa alama zako za vidole, kwa hiyo kampuni inaamini anayebeti ni wewe. Badilisha namba ya siri leo, halafu iandikie kampuni kwamba akaunti iliyofunguliwa kwa namba yako imetumiwa na mtoto, waifunge. Wakikaidi, nenda Bodi.

Mwanao muulize kwa upole alianzia wapi. Wengi hawaanzii kwenye simu, huanzia kwenye dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu. Nimewaona watoto na masweta ya shule wamezunguka mashine nyuma ya duka, mmoja anachomeka sarafu za mia mbili, wengine wanasubiri zamu, na mwenye duka anawachenjia. Huyo ndiye ananiuma. Kama yuko mtaani kwenu, mwambie mwenyekiti wa mtaa, na malalamiko yafike Bodi kwa maandishi, na jina la duka.

SWALI: Nafanya biashara Holili, nina laini ya Kenya. Naweza kubeti kwenye kampuni yenye leseni ya Kenya? – Mfanyabiashara

JIBU: Leseni hiyo imetolewa kwa sheria ya Kenya, haivuki mpaka. Wakikudhulumu, Bodi yetu haina mamlaka juu yao, utalalamika Nairobi. Ukibeti ukiwa upande huu, tumia yenye leseni ya Tanzania. Na zile zinazojitapa kwa leseni za Curaçao, kisiwa cha mbali huko Karibi, hata Nairobi hutakuwa na pa kwenda.