Mpemba na mapishi ya Kijapani

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Wete. Nimefanya kazi miaka mingi jikoni katika hoteli moja Nungwi, chini ya mpishi Mjapani aliyenifunza mengi. Sasa nataka kufungua mkahawa wangu Mji Mkongwe, nichanganye mapishi yao na yetu. Ami yangu aliyeahidi kunipa mtaji anasema Mpemba na Ujapani wapi na wapi, nipike biriani. Rafiki yangu naye ananiambia nitakuwa nauza urithi wa watu. Nina haki kweli?"

Marahaba, mwanangu. Haki unayo. Biriani anayoitaka ami yako asili yake si Pemba, na hata mkarafuu mbegu yake ilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia. Lakini hoja hiyo usiiegemee sana. Nimeona watu wakijitetea nayo huku wanapika ovyo, eti sisi Wazanzibari kuchanganya ni jadi yetu. Biriani imekuwa yetu kwa sababu bibi zetu waliishika, wakaijua, wakafunzana.

Ndiyo maana rafiki yako usimpuuze. Kabla hujafungua, mwambie mwalimu wako unachotaka kufanya, na umuombe ruhusa ya kumtaja kwenye menyu. Akikwambia chakula fulani usikiuze kwa jina la Kijapani kwa vile umekigeuza mno, kipe jina jengine. Pweza wa nazi juu ya wali uliotiwa siki na sukari ni chakula kizuri, kiite hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo barua yako haikuligusa, nami limenikaa moyoni. Sosi ya mishkaki ya Kijapani hupikwa kwa mirin na sake, na zote mbili ni pombe ya mchele. Watu wa mjini watakuuliza, na wana haki ya kujibiwa ukweli. Usiwaambie "imeshakauka motoni". Tengeneza sosi yako kwa sukari na siki kidogo, ukubali kwamba ladha haitakuwa ile ile. Sosi ya soya nayo huchachushwa, na hapo huzalika pombe kidogo. Tafuta yenye alama ya halali na umuulize sheikh unayemuamini. Mteja akishagundua ulimficha, hata chai hatakunywa kwako tena.

Utatamani pia kuandika kwamba sushi zako, ule wali wa siki wa Kijapani, zimeviringishwa kwa mwani wa Paje. Usiandike. Ule wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani ni wa aina nyengine kabisa. Majani yale meusi ya kuviringishia sushi, makavu kama karatasi, itabidi uyaagize nje. Mwani wetu unaweza kuutia kwenye saladi au achari, na ukinunua moja kwa moja kwa mama wanaolima, bei mnapatana wenyewe.

Samaki mbichi ndiye anayenitia hofu zaidi. Ili minyoo ife, samaki wa kuliwa mbichi kwa kawaida hugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na umeme wetu unaujua. Jodari aliyeachwa juani hutengeneza sumu ambayo hata umpike haiondoki, kwa hiyo kama boti haikuwa na barafu, usimnunue. Ningekuwa wewe ningeanza na vya kuchoma na kupika tu, mbichi vingoje mpaka uwe na friza ya kutegemewa na jenereta.

Kodi ya nyumba Mji Mkongwe uipigie hesabu ya mwezi wa Aprili, si ya Agosti. Wakati wa masika wageni hupungua sana, na Ramadhani mchana hutauza.

Ami yako usibishane naye kwa simu. Panda boti uende Wete, umpikie mishkaki ya kuku kwa sosi yako isiyo na pombe, na wali; samaki mbichi usimuoneshe kabisa. Mueleze sosi umeitengeneza vipi na mwalimu wako amesema nini. Akikataa hata baada ya kula, usiwatume shangazi zako wakamlilie. Jiko la mkaa na meza mbili za jioni mtaani, ukishapata kibali, hazihitaji mtaji wa ami, na mishkaki yako inatosha kuanzia.