Mtoto Mzima Akikuletea Tatizo Lake

Mzazi aliyelea kwa miaka 20 na zaidi huwa fundi wa kutatua mambo ya watu wengine. Anajua ofisi ipi iulizwe nini, barua ianze vipi, nani abembelezwe na nani abanwe. Ndiyo maana mwanawe ambaye ni mtu mzima akimpigia simu na tatizo, jibu humtoka hata kabla hajamaliza kusikiliza. Na mara nyingi jibu ni sahihi. Ugumu uko hapo hapo: tatizo la leo linakwisha, lakini mtoto anabaki hajui lilikwishaje.

Nina watoto wawili, binti na mdogo wake wa kiume, wote wameshatoka nyumbani. Kwa kuwasindikiza katika mambo yao nimeamini kwamba mafunzo hayako kwenye suluhisho. Yako katikati ya tatizo: kwenye simu isiyopokelewa, kuzungushwa dirisha hadi dirisha, kuambiwa hapana na kurudi tena na swali zuri zaidi. Mzazi akilibeba tatizo zima, anachomnyima mtoto ni hiyo katikati. Nadhani kazi yetu ni kukaa naye humo, tukimwachia jambo lake mkononi.

Huwa naanza kwa kuuliza anachotaka kwangu: "Nikusikilize tu, tushauriane, au kuna kitu unataka nikifanye?" Aliyetoka kugombana na msimamizi wake kazini pengine anataka tu kulalamika kwa mtu anayempenda. Ukimrukia na mpango atajitetea, na simu itaisha na watu wawili wenye hasira wakati ilianza na mmoja. Akisema tushauriane, namuuliza, "Umefika wapi?" Swali hilo halina harufu ya lawama. Kama hajaanza, atasema mwenyewe.

Nitoe mfano ulionifundisha zaidi. Binti yangu alipohama nyumba ya kupanga, mwenye nyumba alikataa kumrudishia amana yake, akidai kuta zimechafuliwa. Akanipigia analia kwa hasira, akitaka nizungumze na yule bwana mimi mwenyewe, kwa sababu "wewe ni mtu mzima, mama, atakusikiliza." Huenda kweli angenisikiliza. Nikamwambia, "Mwanangu, mkataba una jina lako. Nitakuwa nawe mpaka mwisho, lakini mwenye kuongea ni wewe."

Tukaanza na maswali. Mkataba unasemaje kuhusu amana? Hakuwa ameusoma tangu siku aliyotia sahihi. Akausoma, akakuta kifungu kinachotenganisha uharibifu na uchakavu wa kawaida. Una picha za siku ulipoingia? Alikuwa nazo chache kwenye simu, zenye tarehe. Unataka nini hasa: fedha zote, sehemu yake, au unataka tu akiri kwamba amekuonea? Swali hilo lilimnyamazisha, nami nikamwacha anyamaze.

Kunyamaza huko ni kazi ngumu kwa mzazi, pengine kuliko zote. Mtoto akikaa kimya kwenye simu tunasikia kana kwamba anaomba msaada, kumbe anafikiri. Ukijaza ule ukimya kwa ushauri, umemkatiza pale pale alipokuwa anakaribia kupata neno lake. Mimi huinuka nikatembeatembea chumbani, simu sikioni, mpaka aseme kitu.

Barua aliiandika mwenyewe. Rasimu ya kwanza ilijaa machungu. Sikuisahihisha, niliuliza tu, sentensi kwa sentensi, kama hii inamsogeza yule bwana kulipa au inamkasirisha zaidi. Akapunguza mpaka ikabaki barua fupi yenye tarehe ya kuhama, kifungu cha mkataba, picha, kiasi anachodai na siku ya mwisho ya kujibiwa. Haikujibiwa. Akaandika ya pili. Mwishowe alirudishiwa sehemu tu ya fedha, na akaamua yaishie hapo. Mimi ningeendelea kudai, lakini sikumwambia. Kuamua kwamba sasa inatosha ni sehemu ya kujitegemea, na fedha zilikuwa zake. Nyumba iliyofuata aliipiga picha chumba kwa chumba kabla ya kuingiza kitanda.

Baadaye niligundua kwamba njia hii ina historia ndefu kwenye saikolojia. Mwaka 1971, Thomas D'Zurilla na Marvin Goldfried wa Marekani waliandika kuhusu namna ya kumfundisha mtu kutatua matatizo, wakaigawa kazi hiyo katika hatua: kulieleza tatizo kwa usahihi, kufikiria njia nyingi, kuchagua moja, kisha kuangalia kama imefanya kazi. Kilichonigusa ni kwamba kabla ya hatua hizo zote waliweka msimamo wa mtu kuhusu tatizo lenyewe: aamini kwamba matatizo ni sehemu ya kawaida ya maisha, kwamba anaweza kuyakabili, na kwamba asikurupuke. Nikiwatazama vijana wengi naona wanakwama hapo, sio kwenye hatua. Bomba likivuja au makato ya ajabu yakionekana kwenye akaunti, wanachukulia kwamba maisha yamewashinda. Hawajui kwamba na sisi huvujiwa na mabomba.

Hawajui kwa sababu hatukuwaonyesha. Watoto huona jioni kwamba jambo limekwisha. Zile simu za mchana hawakuzisikia. Siku hizi nikiwa na shida ya kiofisi nawasimulia ikiwa bado haijaisha: nimepiga, wameniambia nisubiri, nimepewa jibu lisiloeleweka, kesho nitauliza kwa maandishi. Siwaombi watatue. Nataka wasikie jinsi mtu mzima anavyokwama na kuendelea.

Mwanangu wa kiume ana ugumu wa aina nyingine. Anaweza kuandika ujumbe mrefu usio na kosa, lakini kumpigia simu mtu asiyemjua humtoa jasho. Alihitaji miadi ya daktari, na kila nilipouliza alisema atapiga kesho. Kumwambia "mbona jambo dogo" ni kumzidishia aibu, kwa sababu kwake halikuwa dogo. Nilimwambia aandike kwenye karatasi vitu vichache: sentensi ya kwanza atakayosema, namba ya kadi yake ya bima, siku anazoweza kwenda, na nafasi ya kuandika jina la aliyemhudumia. Kisha tukafanya mazoezi, mimi nikiwa mtu wa mapokezi, kwanza mpole, halafu mwenye haraka na asiyesikia vizuri. Tulicheka sana. Alipopiga mwenyewe, nilitoka chumbani.

Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kufanikiwa mwenyewe, kuona wengine wakifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mtu anavyousoma mwili wake unapotetemeka au moyo unapokwenda mbio. Chenye nguvu zaidi, alisema, ni kufanikiwa mwenyewe. Maneno ya kutia moyo ni dhaifu yakilinganishwa nacho. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Miaka yote niliyomwambia mwanangu kwamba ana uwezo haikumsogeza kama simu moja aliyoipiga peke yake na ikapokelewa.

Kuna jambo wazazi wengi hulisahau, nalo ni karatasi. Hatuwezi kudai watoto wasimamie mambo yao huku vyeti vyao viko kwenye droo yetu na historia yao ya afya iko kichwani mwetu. Kijana wa miaka 22 anaulizwa hospitalini kama ana mzio wa dawa yoyote, naye anampigia mama yake. Keti naye siku moja umkabidhi: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi ya chanjo, karatasi za bima. Mwambie dawa zinazomdhuru, operesheni alizofanyiwa akiwa mdogo, na magonjwa ya ukoo kama kisukari, shinikizo la damu au saratani, na kwa nani yalianza akiwa na umri gani, kwa sababu madaktari huuliza. Muonyeshe unavyohifadhi stakabadhi na mikataba. Mwambie apige picha nakala zake na aziweke mahali salama, na nywila zake asimpe mtu, hata wewe.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu. Ukimpa, sema wazi kabla hazijatoka mkononi kama ni zawadi au ni mkopo, na kama ni mkopo zitarudi lini. Utata hapa umeharibu familia nyingi. Mama na baba pia wapatane kwanza, la sivyo mtoto aliyeambiwa "jaribu mwenyewe" na mmoja atakwenda kuchukua suluhisho kwa mwingine, na hana kosa.

Hayo yote ni kwa matatizo ya kila siku. Mwanao akipigwa na mwenzi wake, akitishiwa, akiwa katikati ya kutapeliwa, au akisema hataki tena kuishi, usiulize amefika wapi. Nenda, au mtume mtu aliye karibu naye, na tafuta msaada wa wataalamu saa ile ile. Kuna hali nyingine inayofanana na uvivu lakini siyo. Mtu aliyekuwa anajimudu akaacha kufungua barua, kuoga, kulala vizuri au kujibu wenzake kwa wiki kadhaa huenda ana sonona, na kumwachia ajitegemee ni kumwacha azame. Wapo pia ambao tangu utotoni hushindwa kupanga mambo na kukumbuka tarehe kwa sababu ubongo wao hufanya kazi tofauti. Hao wataweza mengi, ila kwa vikumbusho, orodha na usaidizi wa muda mrefu zaidi, na hawastahili kulinganishwa na ndugu zao.

Kama umekuwa ukimfanyia kila kitu mpaka sasa, usiache ghafla siku amekwama. Ataliona ni adhabu. Mwambie mapema, siku tulivu, kwamba kuanzia sasa mambo fulani atayashika yeye nawe utakuwa wa kushauriana naye, na umweleze kwamba unafanya hivyo kwa kuwa unamwamini. Chagueni pamoja jambo moja la kuanzia, ambalo likienda mrama hasara yake ni ndogo: kurudisha bidhaa yenye kasoro, kubadilisha miadi, kuuliza makato asiyoyaelewa kwenye malipo ya simu. Atalifanya taratibu kuliko ambavyo ungelifanya wewe, na pengine kwa njia ambayo usingeichagua. Ya kodi ya nyumba na ya hospitali yafuate akishazoea kusikia hapana na kupiga tena.