OK: mzaha wa gazeti uliosahau kufa

Mhariri, mmeuliza wiki hii: neno "OK" lina maana gani hasa, na lilitoka wapi? Mtaletewa majibu mengi, na naweza kukisia baadhi. Kuna watakaosema ni herufi za mtengenezaji wa biskuti za askari katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Wengine watasema ni taarifa ya vita hivyo hivyo, sifuri na herufi K, kwamba leo hakuna aliyeuawa. Wapo watakaolipeleka Ugiriki, kwenye "ola kala", kila kitu kizuri. Wapo watakaolipeleka kwa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani; Rais Woodrow Wilson mwenyewe aliamini hivyo, akawa anaandika "okeh" kwenye karatasi zake. Na wapo watakaolileta Afrika Magharibi, kwenye Kiwolofu, "waw kay", na hao nakiri natamani wangekuwa sahihi.

Lakini asili ya neno haiamuliwi kwa utamu wa hadithi. Mimi huuliza jambo moja tu: karatasi iko wapi, na ina tarehe gani? OK limechapishwa katika gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839, na pembeni yake limefafanuliwa: "all correct", yaani yote sahihi. Vita vile vilianza 1861. Biskuti na sifuri vimeshaondoka hapo, hata hatujabishana. Kigiriki, Kichoctaw na Kiwolofu havifi kwa tarehe, ila kufanana kwa sauti si ushahidi. Ingekuwa hivyo, tungeweza kuoanisha nusu ya maneno ya dunia kabla ya chakula cha mchana.

Sasa, "all correct" inaanza na A na C. O na K zimetoka wapi? Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Miaka ile waandishi wa magazeti ya Boston walishikwa na mchezo wa kufupisha maneno kwa herufi za mwanzo, kisha wakazidisha kwa kuyakosea tahajia makusudi. "All right" wakaligeuza "oll wright", wakaandika O.W. "No use", yaani haina maana, ikawa "know yuse", K.Y. Na "all correct" ikawa "oll korrect".

Msomaji aliyewahi kupokea ujumbe wa kijana wa simu ataelewa mara moja. Yule anayeandika "xawa" badala ya sawa na "cjui" badala ya sijui si kwamba hakusoma; anacheza. Chukua "xawa xawa" yake, ifupishe iwe X.X., halafu fikiria miaka karibu mia mbili baadaye marubani na madaktari wa dunia nzima wanajibizana "X.X." bila kujua ilianza kwa utani. Ndiyo OK hiyo. Kichekesho ni kwamba neno linalotangaza kuwa yote ni sahihi lina herufi mbili na zote mbili zimekosewa.

Aliyefukua habari hizi kwenye magazeti ya kale ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, akazichapisha mwaka 1963 na 1964. Ni yeye pia aliyeonyesha kwa nini O.W. na K.Y. zilikufa na OK ikapona: siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena. Alizaliwa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake walimwita "Old Kinderhook", mzee wa Kinderhook. Wakaanzisha O.K. Club. Wapinzani nao wakazidaka herufi hizo kumzomea yeye na rafiki yake Andrew Jackson, rais aliyemtangulia, wakidai Jackson hakujua tahajia na ndiye aliyekuwa akiandika "oll korrect" kwenye nyaraka. Ulikuwa uzushi, lakini ulisafiri. Van Buren alishindwa uchaguzi, neno likashinda.

Kisha ikaja telegrafu, mtambo wa kutuma ujumbe kwa waya. Samuel Morse alifungua njia ya Washington na Baltimore mwaka 1844, na watu wa mitambo ile wakahitaji kitu kifupi cha kujibu kwamba ujumbe umefika. OK ikafaa. Kwangu mimi hapa ndipo maana ilipogawanyika, na wengi hatuoni mpasuko huo. OK ya kwanza inasema "ni sahihi". OK ya waya inasema tu "nimekupata", bila kusema kama nimeipenda habari yenyewe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotafsiri OK kuwa "sawa" kila mahali. Mwalimu akisema "OK, tuanze", Kiswahili chake ni "haya, tuanze". Bosi akitoa OK, ametoa ridhaa. Ukiulizwa mchezo ulikuwaje ukajibu "OK", umesema haukuwa mbaya, wala hauna haja ya kuusimulia. Na "haya" ile ya kuvuta, ya mtu aliyechoka kubishana, ni pacha wa OK ya shingo upande kuliko "sawa" itakavyowahi kuwa.

Kwenye kompyuta ndiko mambo yanakoharibika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahandisi wa Apple waliokuwa wakiunda kompyuta ya Lisa waliweka kitufe chenye maneno "Do It", yaani fanya. Mtu mmoja waliyemwita kuijaribu akakasirika. Maneno yalikuwa yamebanana, akayasoma "dolt", bwege, akataka kujua kwa nini mashine inamtukana. Wakabadilisha, wakaandika OK.

Ilikuwa OK ya waya ile: nimekupata. Watafsiri wakaja wakaandika "Sawa". Juzi nilikuwa namalizia barua ndefu, programu ikajifunga, kisha kikatokea kisanduku katikati ya skrini: faili halikuweza kuhifadhiwa. Chini yake kitufe kimoja tu, "Sawa". Nilikitazama kwa muda mrefu kabla ya kukibonyeza.